Jumamosi za Ramani na Dira

Nilipotea ndani ya shamba letu wenyewe, saa nne asubuhi, jua likiwaka, nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja na kazi ya kufundisha jiografia.

Shamba liko Mahurunga, kwenye mteremko unaoelekea Mto Ruvuma. Baba alianza kulipanda mikorosho kabla sijazaliwa, akaendelea kuongeza mistari kila alipopata nguvu, hata likawa shamba la kulizunguka nusu siku. Mimi nililelewa Mtwara mjini kwa shangazi kwa ajili ya shule, kwa hiyo Mahurunga nilikuwa mtu wa likizo. Baba alipofariki, Mama alibaki huko na mihogo yake na mikorosho. Siku hiyo alinituma nikaangalie kama moto wa shamba la jirani ulikuwa umeingia kwetu.

"Nenda mpaka kwenye mkorosho ulioanguka, kata kulia, utaona mwenyewe," aliniambia.

Mikorosho iliyoanguka ilikuwa mitatu. Nilikata kulia kwenye wa kwanza, nikaona nimekosea, nikarudi, nikakata kulia kwenye mwingine ambao sikuwa na hakika kama ndio ule ule. Baada ya hapo kila mti ulifanana na mwenzake. Mikorosho ya umri mmoja, iliyopandwa kwa mistari, haina sura. Nilitembea saa tatu. Nilipotoka nilijikuta kwenye kijiji kingine kabisa, mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya muhogo, nikawauliza kwa sauti ndogo Mahurunga ni upande gani. Mmoja wao alinirudisha mpaka mlangoni kwetu kama mtu anayerudisha mbuzi.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani huko shuleni unawafundisha nini watoto?"

 Kwa miaka kumi na tano nilikuwa nikichora ubaoni duara lenye pande nane za dunia, nikiwafundisha watoto alama za mto, daraja na msikiti, nikiwapa mtihani na kuwasahihisha kwa kalamu nyekundu. Dira yenyewe tulikuwa nayo moja, imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na sindano yake ilikuwa imekwama. Sikuwahi kutembea hata mita mia moja nikifuata ramani. Swali la Mama lilinikaa kifuani wiki nzima.

Ndipo nikaona tangazo. Lilikuwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, imebandikwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya shule: "Jifunze kutumia ramani na dira. Jumamosi sita, na ya saba mlimani. Bure. Njoo na viatu vya kufunga kamba."

Aliyeliandika alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, aliyezaliwa kaskazini, chini ya Kilimanjaro. Miaka minane alikuwa ameongoza wageni mlimani, mpaka goti lake la kulia likachoka. Mume wake alipohamishiwa kazi bandarini Mtwara, naye akaja. Joto lilimtesa, na alilalamika wazi kwamba nchi yetu imelala chini kama mkeka. Alikuwa anataka watu wa kutembea nao, basi. Hakukuwa na chama wala mradi nyuma yake. Tulijitokeza sita. Tulimwita Mkufunzi, kwa sababu alisema hataki kuitwa mama na watu wazima wenzake.

Alitugawa wawili wawili. Mimi nilipewa tabibu wa zahanati moja huko upande wa Msimbati, Mmakonde wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti nzito na mzaha usiokwisha. Alikuja kwenye mafunzo, kwa maneno yake mwenyewe, kuangalia tu.

"Mie nimezaliwa kwenye vichaka hivi, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, akinishikia ramani juu chini. "Mguu wangu unajua njia kabla kichwa hakijauliza."

"Basi mguu wako ungegeuza hiyo ramani kwanza," nikamwambia. Kuanzia hapo tukaelewana.

Jumamosi ya kwanza tulijifunza kuhesabu hatua. Mkufunzi alipima mita mia moja kwa kamba kwenye uwanja mgumu, tukatembea tukihesabu kila mguu wa kushoto ulipokanyaga. Mimi nilipata sitini na nane. Wiki iliyofuata tukaenda Msimbati, kwenye mchanga, na mita mia zilezile zikawa themanini na moja. "Ardhi inabadilika, na wewe ubadilike," alisema Mkufunzi, huku akijipepea kwa jalada la ramani. Kwenye ramani yetu, sentimita mbili zilikuwa kilomita moja. Ukishajua hatua zako, sentimita mbili zinakuwa kitu unachokisikia kwenye nyonga.

Tatizo ni kukumbuka umehesabu mia ngapi. Kila mtu alijitafutia njia yake. Mimi niliweka korosho za kukaanga kwenye mfuko wa kulia wa suruali niliyovaa chini ya baibui, na kila nilipomaliza mita mia nilihamishia moja mfuko wa kushoto. Njia ilifanya kazi vizuri mpaka tulipopumzika chini ya minazi na nikaziweka zile za kushoto juu ya mkoba, kando ya Tabibu. Nilipohesabu tena, korosho hazikutosha.

"Tabibu, umekula?"

"Mbili tu. Ulikuwa umezitoa mfukoni, zimekaa pale juu ya mkoba, nikajua ni za kuliwa."

"Umekula mita mia mbili!"

Mkufunzi alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue, kisha akatuamuru turudi mwanzo. Tulirudi. Mchanga wa Msimbati saa saba mchana si mchanga wa kurudiwa, nawaambia.

Kwenye kutembea kwa dira ndiko nilikoaibika kweli. Zoezi lilifanyika Kilambo, kwenye uwanda ulio mbali kidogo na kivuko, ambako unaona majani mpaka macho yanachoka. Mkufunzi alikuwa amechomeka vijiti vyenye kitambaa cheupe. Alitupa digrii na umbali, tukatakiwa kwenda moja kwa moja mpaka kwenye kijiti. Watano walifika, au walikosa kwa hatua chache. Mimi nilipotea kushoto mara nne mfululizo, na si kidogo: unafika mwisho wa hesabu yako, unainua macho, kijiti kiko kule mbali upande wa kulia kinakupungia kitambaa.

"Unaishika vibaya," alisema Mkufunzi. "Mbele ya kifua, bapa, mikono karibu na mwili."

Niliishika hivyo hivyo. Nikapotea tena.

Mmoja wa wenzetu alisema kwa upole kwamba wengine hawajaumbiwa mambo haya. Alidhani ananifariji. Njiani kurudi mjini Tabibu, aliyekuwa na mdomo kwa kila jambo, hakunitania hata mara moja.

Nilifika nyumbani alasiri. Nikaiweka dira ya mafunzo mezani, nikaanza kuvua mtandio. Mitandio yetu siku hizi hatuifungi kwa pini za kutoboa. Tunatumia vile vifungo viwili vidogo vya sumaku vinavyoshikana juu na chini ya kitambaa. Nilivitoa, nikaviweka mezani kando ya dira. Sindano ikaruka kama iliyochomwa. Niliviondoa, ikarudi polepole upande wa bandari, kaskazini. Niliviweka tena, ikaruka. Nilisimama pale na nywele wazi, nikicheka peke yangu. Siku nzima nilikuwa nimetembea na sumaku kifuani, upana wa kiganja kutoka kwenye dira, nikifuata kwa utiifu mkubwa kaskazini ya mtandio wangu.

Jumamosi iliyofuata niliufunga mtandio kwa fundo. Kabla ya zoezi nilimwomba Mkufunzi anipe digrii zilezile za wiki iliyopita, palepale Kilambo. Nilikwenda bila kuinua macho kwenye kijiti hata mara moja; nilichagua kichuguu mbele yangu kilicho kwenye mstari, nikaenda mpaka pale, nikachagua kichaka, nikaenda mpaka pale. Hesabu ilipoisha, kitambaa cheupe kiligusa bega langu. Nikageuka. Wote watano walikuwa wamesimama wakinitazama, na Tabibu alikuwa akipiga makofi kwa mikono miwili iliyoshika viatu vyake.

Nilimweleza Mkufunzi habari ya vifungo. Alivishika, akavijaribu kwenye dira yake, akaguna.

"Miaka minane mlimani sikuwahi kuliona hili," alisema. "Sema mbele ya wenzako."

Nikasema. Nilikuwa nimezoea kusema mbele ya watoto hamsini, lakini siku hiyo sauti yangu ilikuwa na kitu kipya. Nilikuwa nasema jambo nililoligundua mwenyewe.

Mistari ya urefu wa nchi, ile inayozunguka zunguka kwenye ramani kama alama za kidole gumba, Mkufunzi alitufundishia barazani kwangu, kwa sababu mvua ilinyesha. Mtwara haikuwa na mlima wa kutuonyesha, akatuomba sufuria na unga wa muhogo. Alisonga ugali mgumu, akauacha upoe, akaufinyanga juu ya sinia mpaka ukawa mlima wenye migongo miwili na korongo katikati. Kisha akachukua uzi akaukata mlima vipande bapa kuanzia juu, na kila kipande akakizungushia kalamu kwenye karatasi. Tulipoangalia karatasi, mlima ulikuwa pale, umelala. Pale mistari iliposongamana, ugali ulikuwa na ukuta. Pale ilipoachana, kulikuwa na tambarare. Ilipojikunja kuelekea juu, korongo. Ilipojikunja kuelekea chini, mgongo.

"Ukimwaga maji hapa," aliniuliza akigusa mgongo mmoja, "yatakwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na hapa, mgongo wa pili?"

Nikaonyesha upande mwingine.

"Kumbuka hilo. Mlima unaweza kukuficha kila kitu, lakini hauwezi kukuficha unainamia wapi."

Tulikula mlima kwa mchuzi wa pweza. Niliwahi kuchora mistari hiyo ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Barazani kwangu ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza.

Jumamosi ya saba tulipanda gari la kuazima alfajiri kwenda Newala. Huko uwanda wa Wamakonde unapanda polepole kutoka pwani bila mtu kugundua, hata unapofika ukingo wake wa kusini ardhi inakatika ghafla na kushuka mpaka bonde la Ruvuma. Kwa mtu wa Kilimanjaro hicho ni kizingiti cha mlango. Kwetu sisi ndio mlima. Tulifika kukiwa na baridi ambayo watu wa pwani tunaiita ugonjwa, na ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara ya udongo inayofuata ukingo.

Wakati tukishuka garini, mwanamke mmoja aliyebeba kuni alinitazama viatu vyangu vikubwa chini ya baibui akauliza, "Mama, unakwenda jeshini?"

"Naenda mtihani," nikamjibu. Alinitakia heri.

Kila wawili walipewa ramani yenye alama tano. Mkufunzi alikuwa ameshuka siku moja kabla, akachomeka vijiti, kila kimoja na herufi yake. Tulitakiwa kuandika herufi na kurudi kwenye gari kabla ya adhuhuri. Kila mtu alipewa filimbi. "Mapulizo matatu, kimya, mapulizo matatu," alisema. "Hiyo ni shida. Hakuna kupuliza kwa furaha."

Vijiti vitatu vya kwanza tulivipata bila taabu. Cha nne kilikuwa kwenye chemchemi, chini ya mgongo wa mashariki. Ukungu ulizidi. Ulifika mahali nikawa namwona Tabibu mwenyewe, lakini sioni anachokitazama. Tulikuta njia pana iliyokanyagwa, inayoshuka.

"Hii ni njia ya maji," Tabibu alisema. "Wanawake hawachimbi njia pana hivi kwenda bure. Chemchemi iko mwisho wake."

Ilikuwa hoja nzuri, na nilikuwa nimechoka kusimama kila mara kutazama dira. Tukaifuata. Tulishuka mpaka hesabu yangu ikapita umbali wa ramani kwa mita mia tatu, na chemchemi hakuna. Tabibu alisema tuendelee kidogo. Nilisema hapana.

"Mwalimu, njia inakwenda chini, na chemchemi iko chini."

"Chini ya wapi?"

Nilichukua chupa ya maji nikamwaga kidogo njiani. Tulitazama maji yakikimbia kati ya mawe. Nikaelekeza dira yalikokwenda, nikasoma: mia mbili na thelathini. Kusini-magharibi. Kwenye ramani, mgongo wetu wa mashariki uliinama kusini-mashariki. Ulioinama kusini-magharibi ni mmoja tu, ule wa pili, ng'ambo ya korongo.

"Tuko mgongo usio wetu," nikamwambia. "Tulivuka kichwa cha korongo juu kule kwenye ukungu bila kujua. Njia hii ni ya maji, sawa, lakini ni maji mengine."

Tabibu alitazama ramani, akanitazama mimi, akatazama kijito kidogo kilichotengenezwa na chupa yangu. Niliona anataka kubisha na hapati pa kushikia. "Haya," akasema. "Mguu wangu umenidanganya leo."

Tulikuwa tumegeuka kupanda tuliposikia filimbi. Mapulizo matatu. Kimya. Matatu tena.

Tabibu alisema sauti imetoka chini, na mimi pia nilisikia hivyo. Korongo lilikuwa likiirusha huku na huku. Tulisimama. Nilimwomba afumbe macho aelekeze mkono bila kufikiri, mara tatu, kila filimbi inapolia, nami nikafanya vivyo hivyo. Mikono yetu haikulingana sawasawa, lakini yote ilielekea mashariki, si chini. Nikasoma wastani wake, kama sabini. Nikachora mstari kwenye ramani kutoka mahali nilipoamini tupo.

"Twende sasa," alisema, tayari ameshaanza kuvuka.

"Subiri. Mstari mmoja hauniambii yuko umbali gani. Tupande mita mia mbili, tusikilize tena."

"Mtu anaita, Mwalimu!"

"Ndiyo maana."

Sijui nilipata wapi ubavu wa kusema hivyo. Yeye ndiye tabibu, ndiye mwanamume, ndiye mwenye vichaka. Lakini alinifuata. Tulipanda kaskazini nikihesabu, miguu ya kupanda, ambayo kwangu ni tisini na mbili kwa mia. Juu kule tukafumba macho tena. Safari hii mikono ilielekea kusini zaidi, kama mia na kumi. Nikachora mstari wa pili. Ilikutana mahali padogo kama punje ya mchele, ndani ya korongo, karibu na kichwa chake. Chini ya mita mia tatu kutoka tuliposimama.

Tulishuka kwa mstari huo. Kichaka cha miiba kilitukatisha mara moja. Tukakizunguka kwa pembe za mraba, hatua arobaini kulia, mbele, hatua arobaini kushoto, kama tulivyofundishwa. Nilipofika mia mbili na hamsini nilipuliza filimbi yangu mara moja. Jibu lilikuja karibu kiasi kwamba Tabibu aliruka.

Alikuwa Mkufunzi. Amekaa kwenye mzizi, mguu wa kulia umenyooshwa, uso umekunjamana kwa hasira kuliko maumivu. Alikuwa ameona ukungu umezidi akashuka kututafuta, kwa kuwa wengine wanne walikuwa wamesharudi kwenye gari. Goti lilimwacha kwenye jiwe la utelezi. Simu haikuwa na mtandao.

Sikuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo. Nilitaka kumkumbatia. Yeye alinitazama, akanyoosha mkono, akasema, "Ramani. Tuko wapi?"

"Mkufunzi, kwanza goti..."

"Tuko wapi, Mwalimu?"

Niling'oa jani, nikaweka ncha yake pale mistari yangu miwili ilipokutana. Aliitazama mistari muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya ile sabini, kisha ile mia na kumi.

"Umepima sauti," alisema.

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Ndiyo."

"Ndipo tulipo," akasema, na akamruhusu Tabibu amguse mguu.

Hapo mwenzangu naye alikuwa mwingine kabisa. Mzaha wote ulimtoka. Alilipapasa goti kwa vidole viwili, akauliza maswali mafupi, akalifunga kwa kipande cha kitenge alichokichana bila kutafuta mkasi, akakata fimbo, akaipima kwa urefu wake. "Halijavunjika. Litavimba. Utaegemea kwangu, na ukisikia maumivu makali unaniambia, hujikazi." Mkufunzi alimwitikia kama mtoto.

Kisha wote wawili wakanigeukia.

Nilijua swali lao kabla hawajauliza. Korongo lilikuwa na ukuta kichwani, mistari kwenye ramani imesongamana mpaka imekuwa wino mtupu. Hatungepita na mgonjwa. Ila upande wa mashariki mistari iliachana kidogo, ngazi pana mpaka juu, na juu kule barabara ilikatiza mbele yetu yote. Hata nikikosea digrii chache, barabara nisingeikosa. Nikaweka ishirini na tano kwenye dira.

"Mita mia sita," nikasema. "Tutapumzika kila mia."

"Ongoza," alisema Mkufunzi.

Nilitangulia. Nilichagua mti, nikaenda, nikawangoja. Nikachagua jiwe, nikaenda, nikawangoja. Nyuma yangu nilisikia pumzi za Tabibu na fimbo ikigonga mawe. Hakuna aliyeuliza kama nina hakika. Mtu aliyewahi kuwapandisha wageni mlima mrefu kuliko yote Afrika alikuwa akitembea mahali nilipomwambia atembee. Mwanzoni niliisoma dira mara mbili kila niliposimama. Kufikia mia ya tatu hofu ilikuwa imeondoka, na mahali pake nilihisi furaha nzito, tulivu, ambayo nilijizuia nisiionyeshe kwa sababu mtu alikuwa anaumwa nyuma yangu.

Kwenye mia ya sita na hatua kumi na moja nilikanyaga udongo mwekundu wa barabara. Gari lilikuwa kushoto, taa zake zikiwaka ndani ya ukungu, karibu kiasi cha kusikia wenzetu wakibishana nani abaki na nani aende kututafuta. Tabibu alisimama barabarani, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Alhamdulillahi," nilisema.

"Mie nitawaambia watu nilishika ramani," alijibu akitweta. "Usinikatalie."

Mkufunzi alikaa kiti cha mbele, mguu juu ya mkoba. Hakutoa hotuba. Tulipokuwa tunateremka kuelekea pwani na joto likituingia taratibu madirishani, aliomba ramani yangu, ile iliyochorwa mistari miwili, na hakunirudishia.

"Nitaihitaji ya kufundishia," alisema. Kisha akaongeza, "Herufi za kijiti cha nne na cha tano hamkuzileta. Kwa sheria, mmefeli."

"Tumefeli," nikakubali. Sijawahi kufeli nikiwa nimenyooka mgongo namna ile.

Goti lake lilichukua miezi. Daktari alimkataza kushuka na kupanda, na kundi jipya la watu saba lilikuwa limeshajiandikisha. Alinipigia simu siku ya Ijumaa, akiwa na sauti yake ileile ya amri.

"Kesho Msimbati, saa mbili. Mimi nitakaa kivulini. Utafundisha wewe."

Nilifundisha. Nilipima mita mia kwa kamba kwenye mchanga, nikawapanga, nikawaambia wahesabu mguu wa kushoto tu. Kabla sijawapa dira nilipita mbele ya kila mwanamke aliyevaa mtandio nikamwomba avue vifungo, avitie kwenye kopo nililolishika. Walinishangaa. Kopo lilikuwa linagonga kila kifungo kilipoingia. Mmoja, mwalimu kijana wa shule ya huko huko, aliuliza hayo yameandikwa kwenye kitabu gani.

Nilimwambia hayajaandikwa popote, niliyagundua mwenyewe. Kisha nikampa dira mkononi, nikamgeuza mabega, nikamwambia aanze kutembea.